Makadhi wa Michezo: Habari za Mahakama ya Lausanne

Katika mwaka 396 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, huko Olympia katika nchi ya Uyunani, wanaume wawili waliufikia mwisho wa mbio fupi wakiwa wamekaribiana hata macho ya waamuzi yakakosa kuafikiana. Mmoja alikuwa Eupolemos wa Elis, yaani mwana wa nchi ile ile iliyoyaandaa mashindano na kuwatoa waamuzi. Wa pili alikuwa Leon wa Ambracia, mgeni. Waamuzi walikuwa watatu: wawili wakampa ushindi Eupolemos, na mmoja akampa Leon. Msafiri Pausanias, aliyeandika khabari hizi karne nyingi baadaye, anatueleza kuwa Leon hakunyamaza, bali aliwashitaki wale waamuzi wawili mbele ya Baraza la Olympia, na baraza likawatoza faini wote wawili. Walakini ushindi ulibaki kwa Eupolemos, na sanamu yake ikasimamishwa pale pale pamoja na sanamu za washindi wengine.

Nimeianza habari hii mbali kwa sababu katika kisa kile kidogo yamo karibu mambo yote yaliyokuja kuwasumbua wanasheria wa michezo katika zama zetu: kwamba mwamuzi naye ni mwanadamu, na yapasa awepo wa kumwamua, kwamba mwenye mashindano akiwa ndiye anayewateua waamuzi, mgeni hulala na shaka hata kama hakudhulumiwa, na kwamba haki inayokuja baada ya mbio kwisha humfikia mkimbiaji ikiwa imepungua, maana miguu haimngoji kadhi.

Michezo ya Olimpiki ilipofufuliwa huko Athens mwaka 1896, na mashirikisho ya kimataifa yalipozidi kuundwa, moja baada ya jingine, kila shirikisho lilijipa mamlaka kamili juu ya watu wake: kamati ile ile ilitunga kanuni, ikamshitaki mchezaji, ikamsikiliza na kumhukumu, na akitaka kukata rufani aghalabu aliikata kwa wale wale au kwa jamaa zao wa chumba cha pili. Kwa miaka mingi jambo hili halikuonekana kuwa zito, kwani wachezaji walio wengi walicheza kwa mapenzi bila ujira, na mtu aliyefungiwa mwaka mmoja alirudi shambani au ofisini kwake akaingoja siku yake. Lakini fedha za televisheni na za matangazo ya biashara zilipoanza kumiminika viwanjani, kufungiwa kukawa ni kunyang'anywa riziki, na mtu aliyenyang'anywa riziki hutafuta wakili.

Hofu ya mashirikisho, kwamba siku moja wachezaji watakimbilia mahakama za nchi zao na kila nchi itoe hukumu yake, ilidhihirika kwa Mmarekani Butch Reynolds, ambaye mwaka 1988 alikuwa ameikimbia mita 400 kwa sekunde 43.29, upesi ambao dunia ilikuwa haijauona. Mwaka 1990 shirikisho la riadha la kimataifa lilimfungia kwa miaka 2 kwa tuhuma ya dawa za kuongeza nguvu, naye akaikana tuhuma hiyo na kwenda mahakamani kwao. Katika Juni 1992 jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani aliamuru aachwe akimbie katika mbio za kuwachagua watakaokwenda Barcelona. Shirikisho nalo likatoa onyo kwamba yeyote atakayekimbia pamoja naye atafungiwa kama yeye, hata ikabidi mbio zicheleweshwe huku vijana wasio na hatia wakiwa hawajui kama kusimama kwenye mstari mmoja na mwenzao kutawaharibia maisha. Mwisho wa mwaka ule mahakama ya Ohio ikamwandikia fidia ya dola milioni 27.3, na mwaka 1994 mahakama ya rufani ikaifuta hukumu nzima, ikisema kuwa shirikisho lile la ng'ambo halikuwa chini ya mamlaka ya mahakama ya Ohio. Reynolds akawa ameshinda kwao, ameshindwa kwa wenye mashindano, na Barcelona haikumwona.

Dawa ya maradhi haya ilikuwa imekwisha anza kutafutwa miaka 10 kabla, na aliyekabidhiwa kazi ya kuitafuta alikuwa Mwafrika. Kéba Mbaye alizaliwa Kaolack, Senegal, mwaka 1924. Akawa rais wa Mahakama ya Juu ya nchi yake kwa miaka mingi, na mwaka 1982 akaingia katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya The Hague. Alikuwa pia mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki tangu 1973, na mjumbe yule hakuwa mtu wa kupamba mikutano: ndiye aliyesimama mwaka 1972 kutetea fikra ya kwamba maendeleo ni haki ya binadamu, wala si sadaka. Rais wa Kamati ya Olimpiki, Juan Antonio Samaranch, alipotaka kuwe na mahakama ya michezo peke yake, Mbaye ndiye aliyeongoza kundi la kuandika kanuni zake. Kanuni zikapitishwa mwaka 1983, na tarehe 30 Juni 1984 zikaanza kutumika. Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikafungua milango Lausanne, katika nchi ya Uswisi, na Mbaye akawa rais wake tangu siku hiyo hadi alipofariki mwezi Januari 2007.

Jina lake lataka kutazamwa vizuri. Haikuitwa mahakama tu, bali mahakama ya usuluhishi, na sisi watu wa pwani twajua kuwa sulhu na hukumu si kitu kimoja. Kadhi huhukumu kwa sababu dola imemweka, upende usipende. Lakini msuluhishi hana nguvu ila ile aliyopewa na wagombanao wenyewe, walioketi wakamridhia, wakasema: neno lako litatufunga. Ridhaa ndiyo roho ya sulhu, na palipokosekana ridhaa, linalobaki ni amri iliyovikwa kanzu ya sulhu. Sheria ya Uswisi huiheshimu mno ridhaa hiyo: uamuzi wa wasuluhishi waweza kupingwa mbele ya Mahakama ya Shirikisho ya nchi hiyo kwa sababu chache tu, kama vile jopo kuundwa kinyume cha kanuni, au mtu kunyimwa nafasi ya kusikilizwa. Waasisi waliuona huu kuwa msingi imara. Hawakuuliza sana, ninavyoona mimi, kama mchezaji kijana anayetiwa kalamu mkononi na shirikisho lake ameridhia kweli.

Na ile nyumba ya kwanza ilijengwa karibu mno na ua wa mwenyewe. Wasuluhishi walikuwa 60, na katika kuwateua mkono wa Kamati ya Olimpiki na wa rais wake ulikuwa mrefu. Gharama za mahakama zilitoka katika mfuko wa Kamati hiyo hiyo. Na kanuni zake zilikuwa za kubadilishwa na Kamati hiyo hiyo. Katika miaka ya mwanzo mashauri yalikuja kwa uhaba, na huenda jambo hilo lisingesemwa kwa muda mrefu, lau si mpanda farasi mmoja wa Ujerumani.

Elmar Gundel alikuwa mpanda farasi wa mashindano, na farasi wake alipopimwa alikutwa na dawa iliyokatazwa. Shirikisho la michezo ya farasi, lililotangulia mashirikisho mengine yote kuikubali mahakama ya Lausanne katika kanuni zake, lilimnyang'anya ushindi, likamtoza faini na kumfungia miezi 3. Mwezi Februari 1992 akapeleka rufani Lausanne, na wasuluhishi wakampunguzia kifungo hadi mwezi 1. Mtu mwingine angeshukuru akaenda zake, kwani mwezi 1 si kitu. Gundel hakuridhika, alikwenda mbele ya Mahakama ya Shirikisho ya Uswisi akadai kwamba mahakama iliyompunguzia adhabu haikuwa mahakama ya kweli. Tarehe 15 Machi 1993 akashindwa, kwa sababu shauri lake lilikuwa na shirikisho la farasi, wala si na Kamati ya Olimpiki. Lakini majaji wa Uswisi, wakiwa wanamkatalia, walitaja jambo ambalo lilikuwa zito kuliko hukumu yenyewe: kwamba mahakama ile imefungamana na Kamati ya Olimpiki kwa fedha, kwa kanuni na kwa uteuzi wa watu wake, na kwamba ikitokea siku Kamati yenyewe ikawa ni mmoja wa wagombanao, uhuru wa mahakama utakuwa na mashaka.

Kwangu mimi, siku ile ndiyo siku mahakama ya Lausanne ilipozaliwa hasa, ingawa vitabu huandika 1984. Na mkunga wake alikuwa mtu aliyeshindwa. Wakubwa walilisikia onyo. Tarehe 22 Juni 1994 walitia saini mapatano huko Paris, wakaunda baraza la watu 20 kusimama baina ya mahakama na wenye mali: 4 wakiteuliwa na mashirikisho, 4 na kamati za Olimpiki za mataifa, 4 na Kamati ya Kimataifa, na hawa 12 wakiwachagua 4 wa kuangalia maslahi ya wachezaji, kisha 16 hao wakiwachagua 4 wasiofungamana na yeyote. Baraza hilo ndilo likawa na ufunguo wa sanduku la fedha na daftari la wasuluhishi. Mtu aweza kuhesabu vidole akaona kuwa wachezaji wenyewe hawakupewa hata kiti kimoja cha kumteua mtu wao kwa kura yao, na hesabu hiyo imerudiwa kortini mara nyingi tangu hapo. Hata hivyo, ukilinganisha na yaliyotangulia, ilikuwa hatua kubwa.

Utaratibu uliotoka hapo si mgumu kuueleza. Mchezaji aliyehukumiwa na shirikisho lake huwa, pasipo muda mwingine uliowekwa, na siku 21 za kukata rufani. Yeye humchagua msuluhishi mmoja katika daftari, upande wa pili humchagua wake, na wa tatu, aliye mkuu wa jopo, huwekwa na mahakama. Nao hulisikiliza shauri upya tangu mwanzo, wakiwa na uwezo wa kuifuta hukumu, kuipunguza au kuizidisha. Mashahidi waweza kusikilizwa Sydney au New York, lakini kwa macho ya sheria jopo huwa limeketi Lausanne daima, ili sheria inayolilinda iwe moja.

Kuanzia Michezo ya Atlanta mwaka 1996 mahakama ikapata pia tawi la muda linalofuatana na Olimpiki, ambalo wasuluhishi wake hukaa katika mji wa mashindano, tayari kutoa uamuzi kwa saa 24. Huko Nagano, Februari 1998, Ross Rebagliati wa Kanada alishinda dhahabu ya ubao wa theluji, kisha akakutwa na chembe za bangi mwilini akanyang'anywa. Wasuluhishi wakaangalia maandishi, wakaona hapakuwa na mapatano baina ya Kamati ya Olimpiki na shirikisho la mchezo ule ya kuikataza bangi, wakamrudishia medali yake ndani ya siku chache tangu siku ya ushindi. Mahakama gani ya kawaida ingeweza hayo? Leon wa Ambracia angelia kuona jambo hili.

Lakini Sydney, miaka 2 baadaye, upesi ule ule uliuonyesha uso wake mwingine. Andreea Răducan wa Romania alikuwa binti wa miaka 16, mwenye kimo kidogo na uzito wa kilo zipatazo 37, aliyepata dhahabu ya sarakasi za viungo. Alikuwa na mafua. Daktari wa timu, mtu mzima aliyepewa dhamana ya kumtunza, akampa kidonge cha mafua cha kawaida, cha namna ile mtu hununua dukani bila cheti. Ndani ya kidonge mlikuwa na pseudoefedrini, na dawa hiyo ilikuwa imeandikwa katika orodha ya vilivyokatazwa. Tarehe 26 Septemba 2000 Kamati ya Olimpiki ikamvua medali. Tarehe 28 wasuluhishi wakaikataa rufani yake. Hawakusema kuwa alidanganya, wala kwamba kidonge kilimfaa lolote katika ushindi; walisema kwamba kanuni hutazama kilichomo mwilini, haitazami kilichomo moyoni, na kanuni ikilegezwa kwa mmoja italegea kwa wote. Medali zake nyingine, ya timu na ya fedha, aliachiwa, kwa kuwa katika vipimo vya siku hizo hapakupatikana kitu. Nimeisoma hoja ile mara nyingi, nakiri kuwa imejengwa vizuri, na kila nikiisoma naona mkono wa daktari ukinyoosha kidonge.

Ushahidi wa kwamba nyumba iliyokarabatiwa Paris inasimama ulikuja tarehe 27 Mei 2003, wanariadha wawili wa theluji wa Urusi, Larissa Lazutina na Olga Danilova, walipoleta shauri ambalo mpinzani wake alikuwa Kamati ya Olimpiki yenyewe, yaani lile hasa lililotabiriwa katika hukumu ya Gundel. Mahakama ya Shirikisho ya Uswisi ikachimba kila msingi, kisha ikaamua kuwa wasuluhishi wa Lausanne wako huru vya kutosha. Mwaka mmoja kabla ya hapo mpira wa miguu nao, uliokuwa umejitenga kwa muda mrefu, ulikuwa umekubali kuingia chini ya mahakama hiyo, na mashauri yakaongezeka hadi kuhesabiwa kwa mamia kila mwaka.

Kwa njia hiyo ya mpira Lausanne ikafika barazani kwetu. Tanzania ilikuwa na Baraza la Michezo la Taifa tangu sheria ya mwaka 1967, lakini vilabu vilikuwa vimezoea kuyamaliza mambo yao, au kutoyamaliza, ndani ya kamati za nyumbani. Katika Agosti 2020 Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya shirikisho la mpira wa Tanzania iliamua kuwa Bernard Morrison, mchezaji wa Ghana, hakufungwa na mkataba ambao Yanga walisema aliusaini. Morrison akavaa jezi ya Simba, na Yanga wakapeleka malalamiko Lausanne. Kwa zaidi ya mwaka mzima wapenzi wa mpira wa Dar es Salaam waliitaja mahakama ile kama mtu anavyoutaja mtaa wa jirani, hadi Novemba 2021 madai ya Yanga yalipokataliwa.

Wakenya wao walikwenda mbali zaidi, wakajenga mahakama yao wenyewe. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 iliunda Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo, likiwekwa na Tume ya Huduma za Mahakama badala ya mashirikisho: mwenyekiti awe mtu anayestahili kuwa jaji wa Mahakama Kuu, wawepo mawakili wenye uzoefu wa sheria za michezo, na pamoja nao watu walioishi ndani ya michezo kwa miaka isiyopungua 10. Sharti hili la mwisho lanipendeza sana, maana mashauri haya yahitaji mtu anayejua maana ya kujeruhiwa goti katika mwaka wa uchaguzi wa timu. Jopo hilo lilionyesha meno pale lilipoubatilisha uchaguzi wa shirikisho la soka la nchi mara mbili, Desemba 2019 na Machi 2020, na papo hapo likazuka swali la nani mwenye neno la mwisho, chombo kilichowekwa na Bunge la Kenya au wakubwa wa mpira walioko Zurich. Uchaguzi ulifanyika Oktoba 2020, na swali lenyewe likaachwa bila jawabu. Kenya pia ndiko ilikodhihirika kuwa rufani hukata kuwili: Rita Jeptoo, mshindi wa marathoni za Boston na Chicago, alifungiwa kwao miaka 2 kwa dawa, shirikisho la kimataifa likaiona adhabu kuwa ndogo, likakata rufani, na Oktoba 2016 Lausanne ikaifanya kuwa miaka 4.

Lile swali la ridhaa, lililokuwa limelala tangu mwanzo, likaamshwa na Claudia Pechstein, Mjerumani, bingwa wa Olimpiki mara 5 katika kuteleza kasi juu ya barafu. Mwaka 2009 alifungiwa miaka 2, si kwa dawa iliyopatikana mwilini, bali kwa sababu hesabu za chembe changa za damu yake zilionekana si za kawaida. Aliomba watu waruhusiwe kuingia wasikilize, akakataliwa. Rufani yake ikatupwa. Akapita mahakama baada ya mahakama za Ujerumani, akishinda hapa na kushindwa pale, kwa miaka ambayo mtu mwingine angechoka. Tarehe 2 Oktoba 2018 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, iliyoko Strasbourg, ikasema lililokuwa likingojwa: kwamba mtu anayeambiwa atie saini au aache kazi inayomlisha hakuchagua, na kwa hiyo sulhu ile ni ya lazima, na palipo na lazima hapana budi kuwe na dhamana zote za mahakama, mojawapo ikiwa ni milango kuwa wazi. Majaji walio wengi hawakuikuta mahakama ya Lausanne na dosari ya uhuru. Kwa kumnyima Pechstein hadhara walimwandikia euro 8,000. Mwaka uliofuata kanuni za Lausanne zikampa mchezaji aliyetuhumiwa njia ya kudai asikilizwe hadharani, na Novemba 2019 shauri la mwogeleaji Sun Yang wa China likasikilizwa Montreux mbele ya macho ya dunia.

Katika Machi 1991 Kéba Mbaye alikuwa amekwenda Afrika Kusini akiongoza ujumbe wa Kamati ya Olimpiki, kutazama kama nchi ile, iliyotengwa kwa dhambi ya ubaguzi, inastahili kurudi katika michezo. Siku hizo Caster Semenya alikuwa mtoto mchanga asiyetimiza miezi 3. Alikua akawa bingwa wa Olimpiki wa mita 800, na mwaka 2019 akasimama mbele ya mahakama aliyoiasisi Mbaye, akipinga kanuni iliyomtaka apunguze kwa dawa homoni ambazo mwili wake unazitoa wenyewe. Wasuluhishi wawili kwa mmoja wakasema kwamba kanuni ile inabagua, lakini ubaguzi wenyewe ni wa lazima na wa kiasi kwa ajili ya kuyalinda mashindano ya wanawake. Mahakama ya Uswisi, ikishika mipaka yake myembamba, haikuugusa uamuzi huo. Semenya akaenda Strasbourg, na tarehe 10 Julai 2025 majaji 15 dhidi ya 2 wakasema kwamba Uswisi haikulichunguza shauri lake kwa ukali uliostahili, maana alipelekwa Lausanne kwa lazima na haki zilizoguswa ni za mwili na utu wake. Wiki 3 baadaye mahakama ya Umoja wa Ulaya, Luxembourg, nayo ikaamua katika shauri la klabu ya mpira ya Seraing ya Ubelgiji kwamba mahakama za nchi wanachama ziwe na uwezo wa kuzichungua hukumu za Lausanne.

Hukumu ya Strasbourg haikuifuta kanuni ya riadha. Semenya alikuwa na miaka 34, akifundisha wengine kukimbia, na mbio za mita 800 zilikuwa zimekwisha kukimbiwa miaka 6 bila yeye.